Mama Mizani na Kliniki ya Mashineni

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mizani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi seremala na mkewe. Mimi ninayesoma wasifu huu ndiye kitinda mimba, hivyo ya mwanzo nimesimuliwa tu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1979, sekondari 1983, na kuhitimu uuguzi Novemba 1987. Ripoti zake zote za shule zinasema ni mbishi. Walimu hawakumsingizia.

Mwaka 1988 aliajiriwa katika zahanati ya mjini. Aliona kina mama wa ng'ambo ya bonde hawaleti watoto kliniki. Mganga mkuu alisema ni uvivu. Marehemu akaenda kuwauliza wenyewe.

"Muuguzi, tukifika huko dirisha limeshafungwa," walimwambia. "Nafasi tunaipata siku ya kusaga tu."

Basi akaihamishia kliniki kwenye mashine ya kusaga ya huko kwao, ili mama akiwa kwenye foleni ya unga, mtoto apimwe. Siku ya kwanza, tarehe 7 Juni 1990, aliazima mizani ambayo mwenye mashine aliitumia kununulia mahindi ya wakulima. Kwa mizani hiyo, watoto kumi na mmoja walionekana wana uzito mdogo mno, akawaandikia rufaa wote. Daktari wa hospitali alishangaa: "Hee! Hivi vibonge ndivyo vyenye utapiamlo?" Marehemu alirudi mashineni na pakiti ya chumvi ya kilo moja, akaipima mbele ya foleni nzima. Mizani ikasoma robo tatu. Mwenye mashine aliapa kwamba springi imeshika kutu. Familia yetu haijaamua hadi leo kama imwamini.

Hata hivyo, tarehe 12 Desemba 1992 marehemu na mwenye mashine huyo walifunga ndoa. Shemeji alinunua mizani mpya na kutoa stoo yake iwe chumba cha kliniki. Walijaliwa watoto watatu.

Februari 2022 marehemu aligundua uvimbe kwenye titi. Yeye aliyewafundisha wanawake wote wa ng'ambo ya bonde kujichunguza kila mwezi alikaa kimya miezi kumi na minne. Alikuwa ameiandikia ofisi ya afya barua tano kuomba muuguzi wa pili, bila majibu. Shemeji alipomuuliza mbona alijikaza hivyo, alisema, "Ningelazwa, chumba kingefungwa."

Tulimkasirikia. Mimi bado nina hasira.

Alilazwa Aprili 2023, na kweli chumba kikafungwa, wiki tisa. Kina mama walibeba watoto mgongoni, wakaenda kukaa kwenye ngazi za ofisi ya afya mpaka wakapewa wauguzi wawili.

Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 14 Julai 2024, saa kumi alasiri. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili na ndugu sita.

Wauguzi wale wawili waliomba ruhusa waje kumzika. Shemeji aliwakatalia, kwa sababu leo kuna kliniki. Wapo mashineni sasa hivi, wanapima watoto.

Apumzike dada yetu kwa amani. Zamu yake imeshikwa.