Calvince Oketch na Sauti ya Tisa

Marehemu Calvince Oketch Owiti alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Otonglo, kifungua mimba wa marehemu Mzee Owiti na marehemu Mama Aoko. Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, akamaliza kidato cha nne mjini Kisumu mwaka 1977. Gita alifunzwa na mjomba wetu.

Mwaka 1980 alijiunga na bendi iliyopiga kwenye harusi na baa za mjini. Chord ya kawaida ya minor, yaani sauti za huzuni zinazopigwa kwa pamoja, ina sauti tatu. Calvince hakutosheka nazo. Aliongeza sauti ya saba ya ngazi ya muziki, kisha ya tisa, na siku nyingine hata ya kumi na moja. Wachezaji walisimama wakatazamana. Kiongozi wa bendi, Bwana Masinde, alimwambia, "Oketch, watu wamekuja kucheza. Wewe unawakumbusha waliowapoteza." Hakubishana. Mwaka 1994 aliacha bendi akafungua kibanda cha kutengeneza redio katika soko la Kibuye. Gita likawa la nyumbani tu.

Tarehe 6 Desemba 1986 alikuwa amemwoa Adongo, aliyekutana naye kwenye harusi. Bendi ikifungasha vyombo, Adongo alimfuata akamuuliza, "Ile sauti iliyonifanya niache chakula ni nini?" Akampigia tena, wamesimama pale pale. Hawakujaliwa watoto. Adongo alifariki mwaka 2011, na Calvince akabaki peke yake katika nyumba ya kupanga Migosi. Tukimpigia simu alisema, "Niko sawa tu," kisha tukasikia jinsi nyumba ilivyokuwa kimya.

Januari 2023 kiharusi kilimlegeza mkono wa kushoto. Kwenye chord aliyoipenda zaidi, kidole kilichobonyeza uzi mwembamba, ule wa sauti ya tisa, kilikataa. Jirani yake, Mama Naeema, anayeuza nguo Kibuye, alimsikia akijaribu na kuacha, akijaribu na kuacha. Alimpelekea uji.

"Mzee, mbona unakatiza?"

"Kidole hakifiki."

"Kinatakiwa wapi?"

Alimwonyesha. Mama Naeema akabonyeza uzi, yeye akapitisha mkono wa kulia, na sauti zote zikatoka. Calvince alilia. "Usiachilie kwanza," akamwambia. Tangu hapo Mama Naeema alipita kwake kila jioni akitoka sokoni.

Calvince alifariki usingizini alfajiri ya tarehe 9 Mei 2025. Mama Naeema ndiye aliyetupigia simu.

Ameacha dada yake Jacinta, ndugu yake Tom, na wapwa. Leo Mama Naeema alikuwa ameketi nyuma na majirani. Tumemwomba aje mbele, akae na familia.

Mungu ampumzishe kaka yetu kwa amani.