Fundi Zakariya, Vinubi Kumi na Kimoja na Barua Moja Failini

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Fundi Zakariya Hamdan anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza ala za muziki katika Nyumba ya Ala, hapa Mji wa Kale. Nimeombwa niandike wasifu wake mimi, Mwanatumu wa jikoni, mnayeniita Mama Duha. Walimu wenye shahada wapo, lakini wamesema mimi ndiye niliyemtazama kazini kuliko wote. Ni kweli. Darasani niliishia la saba, lakini macho yangu hayajaacha kusoma.

Nitamsifu, na kuna jambo nitalinyoosha. Katika faili lake imekaa barua ya onyo ya mwaka 2017 inayosema aliharibu kinubi kwa uzembe. Ndiyo doa pekee katika miaka yote hiyo, na si lake. Sitaki aondoke nalo. Mwenye kosa nitamtaja kabla hamjaikunja karatasi hii.

Fundi alikuja hapa mwaka 1994 kutengeneza madirisha. Alikuwa seremala, wala muziki haujui. Akiwa stoo anatafuta ubao, akakiona kinubi kimevunjika mkono. Kwa wageni wasiokijua: kinubi ni kisanduku cha mbao chenye mikono miwili iliyosimama, juu pana mti uliolala, na nyuzi zimetandwa kutoka mtini hadi tumboni mwa kisanduku. Fundi akauliza hiki ni kitu gani, na kwa nini tumbo lake ni jembamba kama kaki. Hakuna aliyejua. Madirisha yakakaa wiki mbili bila bawaba kwa sababu fundi amekaa sakafuni na kinubi mapajani. Leo tunavyo vinubi kumi na kimoja, na vyote vinaimba.

Kuchagua kinubi kwake ni mtihani. Mwaka jana alikuja mama mmoja wa Makupa kumchagulia binti yake, akakimbilia kile chenye nakshi na vanishi inayong'aa. Fundi akamwambia ageuke atazame ukuta. Akagusa uzi mmoja katika kila kinubi, vinubi vitatu, akaacha kila sauti ife yenyewe. "Ipi imechelewa kufa?" akamuuliza. Yule mama akasema ya pili. Kugeuka, ya pili ni ya kinubi cheusi kisicho hata ua. Akacheka mwenyewe: "Ewe fundi, umenitoa ushamba mchana mchana!"

Kupiga alijifunza ukubwani, na anafundisha vizuri kwa sababu anakumbuka alivyokuwa hajui. Mkono mmoja unagusa nyuzi, mwingine uko nyuma unazinyamazisha zile zisizotakiwa. Mimi nilidhani kazi ni ya mkono wa mbele. Kumbe ule wa nyuma ndio wenye akili.

Na utunzaji, jamani! Mwalimu Kitsao wa ngoma alikichukua kinubi kimoja kwenda kupigiwa picha ufukweni Mama Ngina, akala mihogo ya pilipili na ndimu, kisha akakishika. Fundi alikinusa tu aliporudishiwa. "Kitsao, umekilisha bila kuniuliza?" Siku tatu akawa anapangusa nyuzi kwa kitambaa cha pamba. Tangu hapo mlangoni pake pana ndoo ya maji na sabuni, na hata mkurugenzi ananawa.

Mimi nilikuwa nikimpelekea chai namuuliza maswali. Kwa nini mvua ikija sauti inashuka? Kwa nini kinubi hakikai dirishani? Hakuchoka kunijibu. Aliniambia mbao zinakunywa hewa ya bahari zikavimba, jua likizipiga zinasinyaa, na kati ya kuvimba na kusinyaa ndipo ufa unapozaliwa. Nikamuuliza sauti inakaa wapi, kwenye uzi au kwenye kisanduku? Hapo akasema, "Mama Duha, hilo bado nalitafuta." Mtu wa miaka mingi hivyo kazini anasema bado anatafuta. Ndipo nilipompenda kama ndugu.

Sasa nije kwa mwanangu. Mwaka ule wa barua Duha alikuwa na miaka kumi na minne, tunakaa Buxton, nami nina miezi minne tu kazini. Alikuwa akinisubiri hapa baada ya shule, akawa anasikiliza. Si kwa kuwa ni wangu, lakini mtoto yule ana masikio ambayo Mungu hakuyagawa ovyo. Fundi alimfundisha. Ikatangazwa nafasi moja tu ya mwanafunzi wa kinubi, majaribio Jumamosi. Kanuni ilikuwa kinubi hakitoki nje bila barua ya mkurugenzi, na mkurugenzi wa wakati ule alikuwa safarini. Fundi akamwachia Duha kinubi akafanyie mazoezi nyumbani, kwa dhamana yake mwenyewe.

Alhamisi mchana nikawa nafukiza nguo ya Duha ya kuvaa siku ile. Nikajiambia, kinubi kitakaa kifuani pake, nacho kinuke vizuri. Nikakilaza juu ya kigoda, chini nikaweka chetezo chenye makaa na udi wa kweli, nikakifunika leso mbili moshi usipotee. Nikaenda kuchoma mahamri. Kurudi, harufu ni ya harusi, lakini kinubi kimefunua mdomo kama chaza. Tumbo limeachana na mbavu.

Nilikibeba mpaka kazini ndani ya leso, nalia njia nzima. Nikaeleza nilivyofanya, Kitsao akachungulia: "Mama Duha, kinubi si biriani, mbona wakipalia makaa?" Fundi hakucheka wala hakugomba. Alinusa, akauliza, "Udi wa wapi huu?" Kisha akanionyesha: gundi yake hupikwa kwa ngozi ya ng'ombe, joto huilainisha, ikipoa hushika tena. Akapasha kisu chembamba, akapitisha gundi mpya ya moto pale palipoachana, akakifunga kwa mipira ya baiskeli. Mimi nikashangaa, moto uliokifungua ndio uliokifunga.

"Nyamaza," akaniambia. "Mtoto apige kwanza."

Jumamosi asubuhi akafungua mipira. Duha akapiga. Walikuwa watahiniwa tisa, akachaguliwa yeye. Jumatatu mkurugenzi akarudi, akaona alama ya gundi, akauliza nani. Fundi akajibu, "Kilikuwa katika dhamana yangu." Barua ikaandikwa. Mimi niliogopa kazi yangu na nafasi ya mtoto, nikanyamaza. Mwaka ukapita, wa pili, kila nikitaka kusema yeye hunigeuzia maneno na kuitisha chai.

Mwezi uliopita nilimwambia Bi Lamis, mkurugenzi wetu wa sasa. Akasema barua haitoki failini kwa maneno ya jikoni, niandike na nitie sahihi. Nikamwambia basi nitaandika mahali watu wote watasoma. Akaniuliza kama nina hakika. Duha, ambaye leo ndiye mwalimu wa kinubi na atakayeshika funguo za chumba kile, ndiye aliyenisahihishia herufi.

Nimetia sahihi. Kinubi nilikiharibu mimi, Mwanatumu, kwa udi na kwa kujionyesha. Barua ya onyo ilitolewa jana mbele yangu, na mahali pake patawekwa nakala ya ukurasa huu.

Fundi, najua ukifika hapa utatikisa kichwa useme, "Si nilikwambia unyamaze?" Nimenyamaza miaka minane, bwana, na mtoto ameshapiga. Ahsante kwa kila jibu na kwa yale uliyosema bado unayatafuta. Mola akupe afya, akupe usingizi wa raha na mikono isiyotetemeka. Nenda, faili lako ni jeupe.