Vioo Sita vya Zefania

Pale kijiweni Katubuka kahawa hainyweki bila ubishi, na jioni hiyo ubishi wote ulikuwa wa lori la Zefania. Lilikuwa limeegeshwa mbele ya benchi, vioo vya pembeni kaviongeza mpaka vimefika sita. Kesho bosi anamfungia tela kwa mara ya kwanza, apeleke saruji yadi kwa Mama Merina, aliingize kinyumenyume. Likikwaruza ukuta tu, funguo anapewa dereva mwingine. Tangu asubuhi alikuwa na hofu jamani, lakini aseme mbele ya wale wa benchini? Thubutu!

— Sita vichache, alisema Mzee Behewa, mstaafu wa reli. Tela lina mambo mengi huko nyuma.

— Ongeza cha saba ndani, kimwangalie dereva mwenyewe. Akisinzia, ajione.

Huyo ni Pastory, mwendesha boti za kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Wanamwita Kapteni.

— Amesinzia, atajionaje? aliuliza Mzee Behewa.

— Ndiyo maana nasema kiwe kikubwa!

Zefania alicheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyebanwa.

— Cha nane kifungwe mkiani kitazame mbele, alisema Mzee Behewa. Tela nalo lijue linapelekwa wapi.

— Na cha tisa uvunguni, kwa ajili ya kuku wa watu, aliongeza Kapteni.

— Hapo sasa! Bosi akiuliza, mwambie wataalamu tumekaa kikao.

Mama Merina alikuwa anapita, akasimama kuvitazama vile vioo.

— Shikamoo, mama, alisema Zefania.

— Marahaba. Hebu niambie, kesho ukirudi nyuma getini kwangu, ukitaka mkia wa tela uende kushoto, usukani unaukata upande gani?

Kapteni akakata usukani wa hewani kushoto, akafikiri, akaurudisha kulia. Mzee Behewa akaagiza kahawa nyingine.

Zefania aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alitafuta utani wa kujiokoa, akaukosa.

— Sijui, mama. Sijawahi kuvuta tela hata siku moja.

— Afadhali umesema leo. Tela la marehemu mume wangu bado lipo yadi. Washa gari twende ukajaribu, nitakuelekeza kama nilivyokuwa namwelekeza yeye.

Zefania alishusha pumzi, akaruka kwenye lori. Wale wawili nao wakainuka haraka.

— Twendeni tukamsaidie!

— Nyinyi kaeni hapo hapo, alisema Mama Merina. Ule ukuta nimeujenga juzi.