Matanga Mawili ya Mama Zabibu Twahiri

Baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Mama Zabibu Twahiri anastaafu tarehe 30 Juni. Kituo chetu cha Tanga na Mbao hapa Kalemie kitabaki bila mchoraji wake wa kwanza. Mkurugenzi aliniomba niandike wasifu mfupi wenye furaha. Furaha itakuja, lakini lazima kwanza tupite kwenye ile asubuhi ambayo kila muntu wa bandari anaikumbuka.

Alianza kwa kuchora mabango ya karatasi: jinsi ya kuziba nyufa za mashua kwa pamba na gudroni, ile lami nyeusi, jinsi ya kushona tanga lililochanika. Aliyabandika kwenye kuta za maghala, na mvua ikayala. Kituo kilipopata kompyuta, wengi wetu tuliiogopa. Yeye aliikalia kama muntu anayerudi kwenye kiti chake, na baada ya muda michoro yake ilikuwa inatembea. Hapo njo alipozaliwa Papa Kabari, yule mufupi mwenye kofia nyekundu, kichwa kipana juu na chembamba chini, anayewafundisha watu kutunza mashua katika filamu zetu. Leo anajulikana toka Moba mpaka Kabimba. Mafundi walilalamika kwamba anashika nyundo kwa mkono wa kushoto. Mama Zabibu, ambaye naye ni wa kushoto, aliwajibu kwamba mashua haiulizi mkono.

Kitu alichojivunia kupita michoro ni Kiswahili chake. Alilelewa na bibi yake kule Kigoma, na sisi wa huku alitusahihisha mchana kutwa. Mimi ninayerekodi sauti, mtoto wa Nyunzu, nilisahihishwa kuliko wote, na sikufurahi.

Ikaja filamu ya kabari, vile vipande vitatu vya mbao ngumu vinavyogongwa kuzunguka mlingoti, pale unapopita kwenye ubao wa katikati, ili usichezecheze. Mwisho wa filamu Mama Zabibu aliandika kwenye picha: "Kabari tatu. Tosha." Kwa bibi yake, maana yake ni kwamba tatu zinafaa, usiongeze. Kwa Kalemie yetu, kutosha ni kuondoa. Sauti ilieleza vizuri, lakini sokoni nani anasikia sauti? Watu wanatazama picha na kusoma. Katika biro, ofisi yetu nzima, hakuna aliyeshtuka, na filamu ikaingia kwenye matelefone ya watu.

Kesho yake asubuhi Didier, fundi wa mbao wa bandarini, aliingia biro akitabasamu. "Mama Zabibu, kabari za mashua ya Papa Élisée nimezitosha zote tatu, vile mulisema. Sasa tunaweka nini pale?"

Mama Zabibu aliuliza mashua iko wapi. Didier akaonyesha dirishani. Ilikuwa imeshaondoka, imejaa watu wa kwenda Kabimba, na kati yao alikuwa Amina, binti pekee wa Mama Zabibu, mwenye mimba kubwa, aliyekuwa akirudi kwa mume wake. Mama mwenyewe alikuwa amemsindikiza mpaka majini.

Nieleze hatari yenyewe. Karibu na bandari upepo ni mdogo, na mlingoti usio na kabari unaweza kusimama kwa heshima tu. Ukipita ncha ya nchi kavu, upepo wa ziwa unakupiga wote kwa mara moja. Hapo mlingoti unapasua ubao, unaangukia watu, au unatoboa tumbo la mashua. Papa Élisée, nahodha wake, hakujua lolote. Tulipopiga telefone yake, alijibu mke wake nyumbani, alikoiacha kwenye chaji. Mashua yetu ya moteri ilikuwa Moba.

Tulikimbia ufukweni. Tukapunga mikono, tukapunga vitenge, tukapiga mayowe. Na wale abiria, watu wenye adabu, wakatupungia nao. Walidhani tunawaaga. Nilimwona Amina akipunga kitambaa chake cha manjano, na sijawahi kuogopa namna ile.

Mama Zabibu peke yake hakupunga. Mbele ya karakana yetu kulikuwa na matanga mawili mapya ya mteja, yametandazwa mchangani. Alichukua ufagio, akauchovya kwenye sufuria ya gudroni, akaanza kuchora. Mwenye matanga alifungua mdomo, akaona uso wa mama, akaufunga. Kwenye tanga la kwanza, Papa Kabari, nyundo imeinuliwa juu. Kwenye la pili, Papa Kabari yuleyule, nyundo iko chini, juu ya kabari, kando ya mlingoti. Hakuinua kichwa kutazama ziwa. Mimi njo niliyetazama, na mashua ilikuwa inazidi kuwa ndogo.

Tuliyafunga kwenye mashua mbili zilizoegeshwa pamoja, wanaume wakashika kamba, na Mama Zabibu akatoa amri. Moja panda, lingine shuka. Nyundo juu, nyundo chini. Mashua ya Papa Élisée ikaendelea. Ikafika karibu na ncha. Tanga lake likaanza kujaa, na mlingoti, hata sisi tuliuona, ukayumba. Mama Zabibu alikuwa anataja jina la binti yake kwa sauti ya chini, katikati ya amri: panda, Amina, shuka, Amina.

Kisha tanga la kule mbali likaanguka. Mtu mmoja nyuma yangu alianza kulia. Halafu tukaona makasia. Papa Élisée alikuwa amelishusha mwenyewe, na walikuwa wanarudi. Alitueleza baadaye kwamba aliona yule mufupi akigonga na kugonga, kwa kushoto, akajiuliza huyu anagonga nini asubuhi yote hii, ndipo akatazama chini ya mlingoti wake.

Bandarini wanasema siku ile tulipandisha matanga ili tusikae matanga.

Mama Zabibu alimkumbatia Amina, akarudi biro, akasema mbele yetu wote kwamba kosa ni lake. Kisha akazunguka soko lote akiomba watu waifute ile filamu. Tangu hapo hakuna filamu inayotoka kabla haijatazamwa bila sauti na muntu wa Kigoma, wa Kabimba na wa Nyunzu. Wa Nyunzu njo mimi, na siku hizi mimi njo ninayemsahihisha. Mgeni akisema "imetosha" mezani, Mama Zabibu anamuuliza kama ameshiba au anataka aondolewe sahani.

Ametuachia filamu za kutosha. Samahani, mama: filamu nyingi sana, na mashua nyingi bado zinaelea kwa ajili yake. Asante. Tunakutakia maisha mema, pamoja na mjukuu wako anayekungoja Kabimba, na mkono wa kushoto usiochoka.

Papa Élisée ameomba akupeleke mwenyewe kwa Amina. Yale matanga mawili ya gudroni yule mteja alituachia, na siku hiyo tutayapandisha tena. Tutakuwa wote ufukweni, tukipunga mikono na vitenge. Usitupungie tu kama wale abiria, mama. Kabla hujapita ncha, tazama vizuri: tunakuita urudi.

Reine Kapinga, kwa niaba ya wafanyakazi wote