Marehemu Hakuziangusha Mashine

Marehemu hakufukuzwa kazi, hakuwa mlevi, na hakuziangusha mashine. Kwa kuwa hayo matatu yamesemwa kwenye simu, kwenye foleni, na hata jana uani kwake akiwa bado hajazikwa, familia imeona iyaweke sawa kabla ya kutaja alizaliwa lini.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa nne wa fundi saa na mwalimu wa chekechea, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alisoma hapo jirani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1990 akahitimu shahada ya hisabati, daraja la kwanza. Suti ya mahafali ilikuwa ya kuazima na suruali ilimpwaya; mkewe anakumbuka, maana ndiye aliyeibana kwa pini. Walifunga ndoa tarehe 5 Septemba 1992, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1994 aliajiriwa na kampuni iliyotunza kompyuta za idara ya maji, vyuo na hospitali. Baadaye kompyuta hizo zikawa mashine pepe, yaani kompyuta nyingi zinazoishi ndani ya moja kubwa na kugawana nguvu zake. Kazi yake ilikuwa kujua kila moja inatumia nguvu kiasi gani. Programu ya zamani ilibisha hodi kwa kila mashine, ikauliza swali moja, ikaondoka, ikarudi na jingine.

Wazo la kuibadili alilipata wodini, kitinda mimba wao alipolazwa kwa homa ya mapafu. Adhuhuri moja muuguzi alimwamsha mtoto kumpima joto, dakika kumi baadaye akamwamsha kumpima mapigo, kisha akamwamsha kumuuliza kama amelala vizuri.

“Dada,” marehemu akamwambia taratibu, “huyu haumwi tena mapafu. Anaumwa maswali.”

Muuguzi alicheka hadi akakaa. Marehemu akachora nyuma ya bahasha ya eksirei kiolesura chake: mahali pamoja ambapo kompyuta kubwa huandika takwimu za mashine zote, zikachukuliwa kwa ombi moja, bila kuisumbua hata moja. Kazini wakambandika jina la Mara Moja.

Majaribio ya wiki sita yalishusha mzigo wa upimaji hadi sehemu moja ya hamsini. Mkuu wake wa kazi aliifungia ripoti kabatini. Wateja walipolalamika kwamba mashine zinachelewa, akaagiza programu ya zamani iulize kila sekunde badala ya kila dakika.

“Bosi, tunazichosha kwa kuziuliza kama zimechoka.”

“Mara Moja, usinifundishe kazi. Kila sekunde, nimesema.”

“Basi niandikie.”

“Yaani hata kubonyeza unataka barua?”

Marehemu akabonyeza. Mkono ulikuwa wake. Hakulificha hilo, wala familia hailifichi. Amri haikuwa yake. Siku hiyo, Jumanne tarehe 11 Februari 2020, mashine zote zililala kwa saa tisa, za hospitali zikiwemo, na mama mmoja aliyesubiri majibu ya maabara akafariki bila kuyapata. Marehemu alikwenda kumzika. Alisimama nyuma kabisa, na hakuna aliyemjua.

Kwenye uchunguzi, mkuu alisema hakumbuki kutoa agizo. Marehemu hakubishana. Aliacha kazi kwa barua yake mwenyewe, ya mistari miwili. Mkewe aliisoma kabla haijapelekwa na hakuona cha kurekebisha.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka huohuo. Tarehe 3 Aprili 2022 alipata kiharusi kilichomnyima upande wa kulia. Waliomsikia akiburura maneno wakasema amelewa. Ulimi ulikuwa umekufa nusu. Alifariki nyumbani Ijumaa tarehe 17 Mei 2024, saa nne asubuhi, mkewe akimkata kucha.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili na dada yake mkubwa.

Kiolesura chake sasa kinatumika, kwa jina la mkuu wake wa zamani. Mkuu huyo yuko hapa leo, na ameomba kusema machache kaburini. Familia imemkatalia. Sababu anaijua.

Marehemu apewe amani ambayo miaka minne hii hakuipata. Mjane hana la kuongeza, na asiulizwe.