Bernadeta Magesa, na Ugonjwa Uliotangazwa Kabla ya Kupimwa

Wazee wetu, majirani wa Mkolani, na ninyi mliovuka maji kutoka Nansio kuja kumzika binti yenu, aliyemwambia Rose, binti wa marehemu, jambo hili kwa mara ya kwanza alikuwa Mama Mastura, muuza mkaa, ambaye yupo hapa kati yetu na amekubali atajwe kwa jina. Lakini maisha ya mtu huanza kwa kuzaliwa, nasi tutaanza huko, neno la Mama Mastura litafika kwa zamu yake.

Marehemu Bernadeta Magesa alizaliwa Nansio, kisiwani Ukerewe, tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa tatu kwa baba yake mzee Magesa, aliyekuwa mkulima wa mihogo na pamba, akabatizwa mwezi uliofuata. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kisiwani kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, alipomaliza darasa la saba, na walimu wake walisema alikuwa na sauti ya kuimba zaidi kuliko ya kujibu maswali. Mwaka 1976 alivuka kuja Mwanza, akaajiriwa kuwa mpishi katika kantini ya kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, ambako alipika kwa miaka kumi na minane bila hata siku moja kuwaunguzia wafanyakazi maharage, jambo ambalo yeye mwenyewe alilitaja mara nyingi kuliko jina lake.

Tarehe 20 Oktoba 1979 alifunga ndoa na Venant Lukas, dereva wa lori la pamba, wakajaliwa watoto watatu: Rose, aliyezaliwa mwaka 1980, Masalu, aliyezaliwa mwaka 1983, na Modesta, ambaye Mungu alimchukua akiwa na miezi minane. Venant alifariki kwa ajali ya lori njia ya Shinyanga mwaka 1990. Tunaomba muuweke moyoni mwaka huo na kifo hicho, kwa sababu kuna mtu aliyemtibu mjane wake ambaye hakuuliza hata siku moja mume alikufa kwa nini.

Mwaka 1994 kiwanda kilipunguza wafanyakazi, na marehemu alikuwa katika kundi la kwanza. Hakukaa kulia. Alisimamisha kibanda cha mabati hapa Mkolani kando ya barabara, akauza uji wa ulezi na vitumbua, na wengi wenu mliosimama hapa mmekunywa uji huo alfajiri kabla ya kwenda kazini, wengine kwa kukopa, na yeye aliwapa huku akiwatania, "Kunywa baba, deni halimuui mtu, njaa ndiyo inayoua."

Miaka ile zahanati za watu binafsi zilikuwa zikifunguliwa kila mtaa, na hapa kwetu alifungua Daktari Revocatus, katika fremu mbili za duka. Siku ya ufunguzi marehemu ndiye aliyepikia wageni uji, akapiga makofi pamoja na wengine wakati ubao wa mninga, alioutengeneza fundi Mashimba na kuuandika kwa rangi nyekundu, ulipotundikwa ukutani na kusomwa mbele ya watu. Uliandikwa hivi: Mgonjwa ana haki ya kuelezwa ugonjwa wake. Mgonjwa atapimwa kabla ya kupewa dawa. Siri ya mgonjwa ni amana. Na chini yake, jina la daktari.

Mwezi wa pili mwaka huu wa 1997, marehemu alianza kukonda. Kiu haikumwisha, maji aliyokunywa yalimtoka kama aliyetobolewa, miguu ilimwaka moto, na kidonda alichokipata kwenye kidole cha mguu kwa kujigonga jiwe hakikutaka kupona. Alikwenda kwa Daktari Revocatus. Daktari alimtazama kutoka kwenye kiti, hakumpima damu wala mkojo, akamwambia ni uchovu, akamwandikia sindano za vitamini na kumwagiza anywe glukosi kwa wingi apate nguvu. Alirudi mara nyingi, na kila alipouliza, "Daktari, naumwa nini?" alijibiwa, "Mama, wewe kunywa glukosi, mambo mengine niachie mimi." Naye alikunywa, kwa utii wa mtu aliyelelewa kuheshimu koti jeupe. Sisi wanawe tulimkorogea kwa mikono yetu, tukamwongezea sukari kwenye uji ili anenepe.

Wakati huo huo kibanda kilianza kukauka. Kwanza wateja walikuja na vikombe vyao kutoka nyumbani, kisha wakaja wa kubeba tu, kisha hawakuja. Marehemu alidhani kosa ni la uji. Alibadilisha mashine ya kusagia, akaacha kwenda mashineni akatwanga mwenyewe kwenye kinu akiwa na kidonda chake, akachemsha vikombe mbele ya watu ili waone, akawa anaonja na kuonja tena, akimwuliza Rose, "Mwanangu, hebu nawe onja, kuna uchachu humu?" Rose akaonja, uji ulikuwa mtamu kama siku zote, akamwambia hivyo, na mama yake hakumwamini.

Hapo ndipo lilipofika neno la Mama Mastura. Ilikuwa mwezi wa saba, Rose akiwa uani anafua nepi za mtoto wake, Mama Mastura akaingia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Rose mwanangu, mimi nabeba magunia ya mkaa tangu usichana, lakini huu mzigo umenishinda kubeba peke yangu." Akaeleza kwamba alikuwa amempeleka mjukuu wake kwa daktari kwa homa, na daktari, bila kuulizwa, akamwambia, "Huyu mtoto msimpe uji wa pale kibandani. Yule mama ana ukimwi, mumewe ndiye aliyemwachia. Mimi ndiye ninayemtibu, kwa hiyo najua." Mama Mastura hakuwa wa kwanza kuambiwa. Daktari alikuwa amewaambia wengi, kila mmoja kwa sauti ya chini, kila mmoja kama anamfanyia hisani, na mtu pekee ambaye hakuambiwa Mkolani nzima alikuwa mwenye mwili wake.

Ninyi mnaomfahamu Rose mnajua kwamba ni mtu wa kuinamisha macho, shuleni hakujibu mpaka aitwe jina. Aliinamisha macho hata siku ile alipomwambia mama yake. Marehemu akasema maneno matatu ambayo hatutayasahau: "Kumbe si uji." Akacheka, kabisa kabisa, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na baada ya kucheka akalia mpaka akalala.

Tarehe 4 Agosti tulimpeleka hospitali ya serikali mjini. Pale mganga alifunga mlango kwanza, ndipo akauliza. Alipima mkojo, akapima damu, na marehemu alipokubali, akapima na hicho walichokuwa wakikinong'ona watu. Kisha akamwambia yeye kabla ya kutuambia sisi: alikuwa na kisukari, ugonjwa ambao kwake ile glukosi ilikuwa sawa na mafuta ya taa juu ya moto, na virusi vya ukimwi hakuwa navyo. Akamwuliza ni nani angependa waelezwe. Marehemu akajibu, "Waambie wote. Na nikifa, wasomewe."

Ndiyo maana tunasoma. Baadhi ya wazee wa ukoo walitushauri tuandike tu kwamba aliugua kwa muda mrefu, tupite, maana msibani si mahali pa kesi. Tunawaheshimu, shikamooni, lakini ugonjwa huu tunautaja kwa ruhusa ya mwenyewe, na kuna mmoja aliyetaja mwingine bila ruhusa yake. Tena tunaongeza hili, ili asitokee mtu akadhani tunafuta aibu: hata kama ungekuwa ndio huo ukimwi, haukuwa wa daktari kuugawa, na aliye nao naye ana haki ya kikombe cha uji mahali popote.

Hospitali walijitahidi sana, lakini kidonda kilikuwa kimekwisha kupanda mguuni na sumu kuingia kwenye damu. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 1997, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Ameacha watoto wawili na mjukuu mmoja.

Tunawashukuru waganga na wauguzi wa wodi ya wanawake, waliomwita kwa jina lake. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani wa kantini, waliopika msiba huu bila kuunguza maharage. Tunamshukuru Mama Mastura, ambaye tangu siku ile alikuja kibandani kila asubuhi, akaketi mbele, barabarani watu wamwone, akanywa vikombe viwili. Majirani wengine tunawashukuru kwa kuja leo, na kila mmoja anajua alikuja na kikombe chake mwezi gani.

Tumebaki kumshukuru Daktari Revocatus, ambaye naye amekuja kuzika, na tumempa kiti cha mbele. Tunamshukuru kwa ubao. Kesho yake baada ya kifo, yaani jana Jumatano, Rose alikwenda zahanati akiwa na mtoto mgongoni. Benchi lilikuwa limejaa wagonjwa. Akasema, "Shikamoo, daktari." Akajibiwa, "Marahaba, poleni na msiba." Rose akasema, "Asante. Nimekuja kuchukua ubao."

"Ubao gani?"

"Huo wa ukutani. Wewe huutumii, na sisi tuna kazi nao."

Daktari akasema ile ni mali ya zahanati. Rose akajibu, bado ameinamisha macho, "Hata siri ya mama ilikuwa mali yake." Hapo Bibi Teodora, aliyekuwa mwisho wa benchi na mguu wake umefungwa, akauliza ubao unasema nini, na Rose akamsomea mstari kwa mstari, wote wakisikiliza. Bibi akasema, "Ala! Mimi miaka yote hii nilidhani pale pameandikwa bei! Daktari, mpe mtoto ubao, au uliutundika juu hivyo usomwe na popo?" Benchi zima likacheka, na daktari akaingia ndani na kufunga mlango, kwa mara ya kwanza tangu aifungue zahanati ile. Rose akapanda juu ya benchi, akaung'oa ubao, akaubeba kichwani kupita katikati ya soko mpaka kwa fundi Mashimba, aliyekuwa akigonga jeneza, akamwomba atengeneze msalaba.

Ndio huu mnaouona. Mbele umeandikwa Bernadeta Magesa, na tarehe zake. Nyuma hatukupiga randa. Fundi ameukata pale ambapo mti wa kukingama umebaki na maneno mekundu, Siri ya mgonjwa ni amana, na chini yake jina la daktari, na tutausimamisha, nyuma yake ikiitazama barabara, ile ile anayopita daktari kila asubuhi kwenda kazini. Mninga hauozi upesi.

Mama, uji wako haukuwa na kosa. Lala sasa kwa ile amani uliyonyimwa ukiwa hai.