Gramafoni ya Tura Iliyogoma Chemchem

Chemchem nzima, mtaa wetu hapa Tabora, ilijua kwamba ukitaka ukweli usiende kijiweni kwa Abdulrasul, lakini ukitaka kahawa na maneno, pita hapo hata ukiwa na homa. Benchi lenyewe lilikuwa taruma, lile gogo zito linalolaliwa na reli, limewekwa juu ya mawe mawili mbele ya duka la nguo ambalo, tangu lifunguliwe duka la ushirika, lilibaki na jora moja na panya wawili. Damas ndiye aliyelileta taruma lile, siku watu wa reli walipomwambia apumzike, baada ya mashine kumla vidole vya mkono wa kulia. Nyumbani alikuwa baba mwenye mkono mbovu. Juu ya taruma lile tu ndipo watu walipomwita Fundi, naye akaitika. Kweli ya Mungu, kule karakana ya reli alikuwa mtia mafuta, mtu wa kopo na tambara, miaka nenda miaka rudi. Hakuna aliyemwuliza, naye hakuona sababu ya kujitangaza.

Basi asubuhi moja, mwaka ule watu walipokuwa wakizungumzia reli mpya ya kusini kutwa kucha, akaja mjumbe wa nyumba kumi, Bwana Anselm, shati la kijani limepigwa pasi mpaka unaogopa kuligusa. Akasalimia vizuri, akakataa kahawa, akasema ofisi ya tawi la chama haina pa kukalisha wageni, na mtaa wake hauna nafasi ya kupe. Kwa hiyo benchi lingechukuliwa siku hiyohiyo.

Kuna maneno humtoka mtu kabla hajayaonja. Damas alisimama.

– Hapa si kijiwe, mjumbe. Hapa ni karakana ya ujamaa.

Anselm akawatazama mmoja mmoja. Akamtazama Abdulrasul, mwenye duka, waliyemwita Jora. Akamtazama Limbu, waliyemwita Bibisii kwa kuwa hakuna habari ya dunia iliyowahi kumpita, ingawa redio hakuwa nayo. Akamtazama Yoramu muuza kahawa, Mmoravia, waliyemwita Mchungaji kwa sababu hawezi kumimina kikombe bila kuimba wimbo wa kanisa. Hakuna hata mmoja aliyeshika nyundo.

– Karakana ya kutengeneza nini?

– Vyombo, alisema Damas.

– Vizuri. Uhuru na kazi. Nitarudi baada ya sala ya alasiri na vijana wawili. Mnionyeshe chombo kimoja mlichokitengeneza. Mkishindwa, vijana watabeba.

Akaenda zake. Kijiwe kikamgeukia Damas, na macho ya kijiwe, wee acha tu.

– Fundi, akasema Abdulrasul polepole, chombo chenyewe kiko wapi?

Kilikuwapo. Ndiyo maana ulimi wake ulikwenda huko. Jana yake mama yake mkubwa, Katarina, alishuka kwenye treni kutoka Tura na gramafoni kichwani, ile ya sanduku, ya kusafiri nayo, ya kuzungusha hendeli. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa stesheni pale Tura, na kabla ya kukata roho aliagiza apewe Damas, maana katika ukoo mzima fundi ni yeye. Alfajiri Damas akaizungusha, akaachia breki, santuri ikakaa kimya kama ugali. Akajaribu tena. Hola. Akafunika sanduku, akaja kunywa kahawa, asimwambie mtu. Sasa akaenda kuileta, na njiani akawaza. Ikigoma mbele ya mjumbe, taruma linakwenda, na Fundi anakwenda nalo.

Akaiweka juu ya taruma. Wakazungusha hendeli kila mtu kwa zamu yake, wakaachia breki kila mtu kwa zamu yake. Ndani kulisikika kitu kama mtu anayetaka kukohoa mbele ya wakwe. Basi.

– Fungua tuone, akasema Yoramu.

– Karakana hatufungui mashine kabla ya kujua ugonjwa, akajibu Damas.

Alisema kwa sauti ya kifundi kabisa, hata mwenyewe akaiamini kidogo. Lakini mkono ule wa vidole vitatu alikuwa ameuficha chini ya paja. Aliogopa. Kutia mafuta anajua, kufungua hajui, na ukifungua kitu usichokijua mbele ya watu, unafungua na mengine.

– Basi tutafute ugonjwa, akasema Limbu. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, na sisi tuko wanne.

Damas akaanza yeye, kwa heshima ya cheo. Akasema springi imeshiba. Springi ikikaa miaka bila kazi hujaa uvivu, ukiizungusha inaona umeitukana. Dawa yake ni kuiacha ipumzike. Wakaiacha ipumzike kikombe kizima cha kahawa, wakajaribu. Hola.

Abdulrasul akasema hapana, mnaikosea adabu. Zamani mzee Nanji wa mtaa wa pili alikuwa akiuza hizi, na kila aliyenunua aliambiwa asiipige mchana wa Ijumaa, na akitoka nayo mjini aiage. Hii imetolewa Tura bila kuagwa. Imesusa.

– Tena imetoka Tura kwa treni ya usiku, haikuona hata njia iliyopita. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Mgeni hapa nani na mwenyeji nani? akauliza Yoramu.

– Methali haiulizwi hivyo, Mchungaji.

Yoramu naye akaweka birika chini, jambo ambalo hulifanya kwa nadra. Akasema nyinyi wote mmesahau kwamba chombo hiki kimefiwa. Bwana wake ameaga dunia, kimebebwa usiku, kimeletwa nyumba ya watu. Kiko matangani. Mngelikuwa nyinyi mngelicheza dansi? Arobaini ikiisha kitaimba chenyewe bila kubembelezwa.

Damas akamwambia kwamba mjumbe hatangoja arobaini, atangoja alasiri.

– Basi aambiwe naye aje kuhani, akasema Yoramu, akaanza kumimina huku anaimba.

Hapo Limbu akasogea mbele, akatazama kushoto na kulia kama mtu mwenye siri ya serikali. Akasema yeye alinyamaza makusudi awasikie. Jambo hili ni kubwa kuliko kijiwe. Mnajua kule kusini wanalaza chuma usiku na mchana, mpaka Zambia? Mnajua chuma kina nguvu ya kuvuta? Chuma chote kile kimelala upande mmoja wa nchi, kinavuta, na kila chuma kidogo kilichobaki huku kwetu kinageuza uso kwenda Mbeya. Saa za ukutani zinachelewa. Misumari inalegea. Juzi baiskeli yake yeye Limbu ilimvuta kusini akaingia mtaroni.

– Ulikuwa umetoka pombeni, akasema Abdulrasul.

– Nilikuwa natoka pombeni kuelekea magharibi, nikaanguka kusini. Hilo unalijibuje?

Wakaigeuza gramafoni iangalie kusini, isihangaike. Wakaigeuza magharibi, iukaidi huo mvuto. Abdulrasul akaiaga kwa Kigujarati kwa niaba ya marehemu Nanji. Yoramu akaipa pole. Limbu akasema kwa uchungu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, ndipo akaanza habari ya majasusi wa Kireno, wakamnyamazisha maana jua lilikuwa limekwisha pinda. Na hendeli ikizungushwa, na breki ikiachiwa, mambo ni yale yale.

Damas aliupapasa mti wa taruma kwa kiganja. Aliwaza asubuhi ya kesho, atoke nyumbani aende wapi. Akakaribia kulia, na si jambo la kuficha. Mtu mzima hulia kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Adhana ya alasiri ikalia, Abdulrasul akaenda kuswali, akarudi. Katika kurudi kwake aliongozana na bibi mmoja mrefu, mkavu, mwenye kikapu cha viazi kichwani bila kukishika. Alikuwa Katarina, ametoka kijijini Ntalikwa kusalimia ndugu.

– Shikamoo mama, wakasema wote.

– Marahaba. Hamjambo wanangu. Mbona sura hizi, nani amekufa?

Damas akampisha, akampa kahawa, akamweleza yote: mjumbe, karakana, springi, Mbeya. Katarina alisikiliza, akanywa, akala kashata ya Yoramu mpaka ikaisha. Halafu akauliza jambo moja tu.

– Ile kanga yangu mmeiweka wapi?

– Kanga gani, mama?

– Kipande nilichokitia humo ndani.

Limbu alitazama upande wa Mbeya. Katarina akaweka kikombe chini, akatoa santuri, akaishika kwa mikono miwili ile sahani ya chuma inayobeba santuri, akaivuta juu kama mtu anayefunua chungu. Ilitoka yenyewe, haikutaka spana. Chini yake, katikati ya magurudumu, kulikuwa na kipande cha kanga nyekundu kimeviringwa na kushindiliwa kwa ufundi wa hali ya juu.

Akasema, kwa mshangao wa kweli, kwamba baba yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka hapa Tabora hadi Bagamoyo na kurudi, na alimfundisha tangu angali msichana kwamba mzigo ukilia njiani unamchosha mbebaji. Unautafuta mdomo wake, unauziba. Mlio wowote. Kwani mzigo ukifika si unafunguliwa? Yeye alifikiri kila mtu anajua hivyo.

– Nilijua fundi ataanza kwa kufungua, akasema.

Damas alitazama miguu yake. Katarina akarudisha sahani, akaweka santuri, akazungusha, akaachia breki. Ikazunguka. Sindano ikakwaruza kidogo, kisha likatoka gitaa, kisha sauti ya mwanamume anayemlilia mwanamke aliyepanda treni, na Abdulrasul akafumba macho, na mtu mmoja akafungua dirisha ng'ambo ya barabara.

Wimbo haujafika katikati, akatokea Anselm na vijana wake wawili. Akasimama. Akasikiliza, maana masikio hayana chama. Alipojiona anatikisa kichwa akakiacha.

– Inaimba, akasema.

– Inaimba, wakasema wote.

– Ilikuwa na ubaya gani?

Swali jepesi hivyo. Yoramu aligundua birika lina vumbi. Abdulrasul alimtazama Damas, na macho yake yalisema wazi: sema springi, bwana, sema springi yaishe. Na neno lilikuwapo, mdomoni, tamu. Lakini Katarina alikaa pale na kipande chake cha kanga mapajani, anakikunja, na Damas akaona hawezi kudanganya mbele ya mwanamke yule aliyebeba mzigo ule kichwani kwa ajili yake.

– Haikuwa na ubaya, akasema. Ilikuwa imefungwa vizuri kupita akili zetu. Mama ameifungua.

Anselm akacheka, kicheko cha mtu aliyeshinda.

– Basi hamkutengeneza kitu. Vijana, bebeni.

Hapo ndipo Damas alipokaa. Alikaa taratibu, katikati ya taruma, mikono yote miwili juu ya magoti, ule mzima na ule mbovu, watu wauone. Abdulrasul akakaa kulia kwake. Limbu kushoto. Yoramu akakaa na birika lake. Katarina hakuwa amesimama, akajisogeza tu wabanane, bega kwa bega. Gramafoni walikuwa wameishusha chini, mbele ya miguu yao, nayo inaendelea kumlilia yule wa treni.

Vijana wakainama, mmoja huku mmoja kule, wakajaribu. Taruma halikujua hata kama limeguswa.

– Inueni wanangu, akasema Katarina kwa upole. Babu zenu walifika Bagamoyo.

Kijana mmoja akacheka, akaacha. Anselm akasema kwa ukali kwamba atapeleka majina yao kwenye tawi, yote, na kazi ya kila mmoja.

– Peleka, akasema Damas. Anza na langu. Damas, mtia mafuta.

Alilisema kwa sauti kubwa, neno ambalo hakuwahi kulisema juu ya gogo lile. Kisha akasubiri kuona nani atacheka kijiweni. Hakucheka mtu. Abdulrasul alijikuna kidevu.

– Fundi Damas, mjumbe, akasema. Usikosee. Watia mafuta mjini hapa ni wengi, huyu wetu ni fundi.

– Na benchi haliondoki, akasema Damas.

Wakakaa. Kahawa ilikuwa imekwisha, jua lilikuwa usoni mwao, na hakuna aliyejitikisa, kwa maana kila mmoja alijua kwamba atakayesimama ndiye atakayelitoa taruma. Ndipo gramafoni ikaanza kuchoka. Sauti ya yule mwimbaji ikalegea, ikashuka, ikawa nzito, na mwanamke wake hajarudi bado. Macho yote yakaangalia hendeli. Ilikuwa hatua mbili tu kutoka kwa Damas. Hakusimama.

Sauti ikazidi kuzama. Madirishani watu wakaanza kunung'unika. Anselm alivumilia, alivumilia, na mwisho akachutama na shati lake la pasi, akaishika hendeli.

– Nizungushe mpaka wapi, fundi?

Damas hakujua. Hakuna aliyejua pale, labda marehemu wa Tura.

– Mpaka tukwambie, akajibu.